Grisi gani inafaa kwenye splaini za pikipiki ya shafti?

Mwendapole wa Tegeta

Wakuu, salaam.

Nina pikipiki aina ya Yamaha DragStar 400 iliyokuja kwa kontena kutoka Japani. Kwa wasioifahamu, pikipiki hii haina mnyororo: nguvu inatoka kwenye giaboksi kwa shafti hadi kwenye difu ndogo iliyo pembeni ya gurudumu la nyuma. Juma lililopita nililitoa gurudumu hilo ili nibadilishe tairi, na lilipochomoka kwenye difu nikakuta jambo lililoninyima usingizi. Meno ya kitovu cha gurudumu, yale yanayoingia ndani ya meno ya difu (ndiyo splaini zenyewe), yalikuwa makavu kabisa, na katika mabonde kati ya jino na jino kulikuwa na unga wa rangi ya kutu, laini kama mdalasini uliosagwa. Niliupuliza ukaruka. Nilipopitisha ukucha kwenye ubavu wa jino nikahisi kijingazi kidogo, mahali pale ambapo jino la upande wa pili linakomea.

Sijui aliyekuwa nayo kabla yangu aliifungua lini mara ya mwisho, na mimi mwenyewe nimeiendesha miaka miwili bila kuigusa sehemu hiyo, kwa hiyo lawama nyingine ni yangu. Swali langu ni la grisi. Fundi wa mtaani kwetu ananiambia nitie grisi nyekundu ya beringi. Muuza vipuri mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinipa kopo la grisi nyeusi na kunihakikishia kwamba nyeusi ndiyo yenye nguvu. Mtu wa tatu, rafiki yangu anayefunga mabomba, anaapa kwa grisi ya shaba. Ningependa kujua si jina la kopo tu bali na sababu yake, maana sababu ndiyo itakayonisaidia siku kopo lenyewe likikosekana dukani.

Kisukuku

Mkuu, usijitafutie maradhi. Nimemiliki pikipiki za shafti tangu vijana wengi humu hawajazaliwa, na nimepaka grisi nyekundu ya beringi siku zote. Grisi ni grisi. Kinachoua splaini ni uvivu wa kufungua.

Msuguano

Shikamoo Mzee Kisukuku. Kuhusu uvivu tuko pamoja, lakini "grisi ni grisi" sitaiacha ipite, kwa sababu unga aliouona Mwendapole unaeleza hadithi nyingine. Naomba radhi kwa urefu wa jibu hili. Kazi yangu ni ya vilainishi, na ni nadra mtu kuniuliza jambo hili kwa hiari yake.

Grisi nyingi ni mafuta yaliyoshikiliwa ndani ya sabuni, kama maji yanavyoshikiliwa na sifongo. Katika beringi, gololi zinazunguka, zinayavuta mafuta kutoka kwenye ile sabuni, na kila mzunguko unaurudisha utando wa mafuta mahali ulipokuwa. Hapo grisi nyekundu ya Mzee ni sahihi na inatosha kabisa. Katika splaini hakuna kinachozunguka dhidi ya kingine: meno yote mawili yanakwenda pamoja. Kilichopo ni mtikisiko mdogo mno, usioonekana kwa macho, unaotokea kila injini inapovuta na kuachia, kila raba za kitovu zinapobonyea, na kila mzunguko ikiwa shafti na difu hazikunyooka sawasawa. Jino linasuguana na jino chini ya mzigo mkubwa kwa mwendo mfupi kuliko unene wa unywele. Mafuta yanakamuliwa nje ya mguso huo, na kwa kuwa hakuna mwendo mrefu wa kuyarudisha, hayarudi. Sabuni inabaki kando, imekaa kwa adabu ndani ya bonde, haifanyi kazi.

Baada ya hapo chuma kinagusa chuma. Chembe zinang'oka, zinakutana na hewa, zinakuwa kutu papo hapo, na kutu hiyo ikiwa kavu ni ngumu kiasi cha kusaga chuma kilichoizaa. Ule mdalasini wako, ndugu Mwendapole, ndio meno yako yenyewe. Usidhani ni kutu ya mvua, kwa maana kutu ya mvua ingekaa juu ya chuma kwa magamba na madoa, wala isingekuwa unga mkavu uliojikusanya pale tu meno yanapogusana.

Kwa hiyo unahitaji kilainishi ambacho hata mafuta yakikamuliwa yote kitabaki kitu kigumu kinachoteleza katikati. Kitu hicho ni molibdenamu disalfaidi, ambayo mafundi huiita moli. Kila punje yake ni matabaka juu ya matabaka kama karata zilizopangwa: molibdenamu imebanwa kati ya tabaka mbili za salfa, na salfa ya karata moja haishikani sana na salfa ya karata inayofuata. Ukikandamiza, karata zinateleza. Ukikandamiza zaidi, zinazidi kujipaka kwenye chuma.

Sasa jambo ambalo kopo jeusi la Gerezani halikukueleza: kiasi. Grisi ya sivii jointi za magari (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu), ambayo kwa kawaida ni nyeusi na ina moli, huwa na asilimia 3 hadi 5 hivi. Vitabu vya mafundi vya Honda, kwa splaini za gurudumu la nyuma, vinataka pesti yenye moli zaidi ya asilimia 40, na pesti waliyokuwa wakiiuza wenyewe kwa miaka mingi iliitwa Moly 60. Tofauti hiyo ni sawa na tofauti kati ya chai yenye tangawizi na tangawizi yenyewe. Tena weusi peke yake si ushahidi, kwa sababu grafaiti nayo ni nyeusi, na rangi ya kiwandani inaweza kuwa nyeusi pia. Wekundu nao ni rangi ya kutiwa tu. Haukuambii lolote kuhusu kilichomo.

Mwendapole wa Tegeta

Ahsante sana Msuguano. Nimelitazama kopo la Gerezani upya. Limeandikwa sabuni ya lithiamu, EP (yaani ya kubeba mzigo mkubwa), namba 2, na kwamba lina moli, lakini kiasi hakikutajwa. Je, hiyo namba 2 ina maana gani, na je, inafaa nitafute namba kubwa zaidi ili isirushwe gurudumu linapozunguka?

Msuguano

Hiyo ni namba ya ugumu inayopangwa na NLGI, taasisi ya Marekani ya grisi. Wanaiacha koni ya chuma ididimie ndani ya grisi iliyokwisha kukorogwa, kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na kupima imezama kiasi gani kwa sehemu za kumi za milimita. Namba 2 huzama 265 hadi 295, namba 1 huzama 310 hadi 340. Kwa ufupi inakuambia kama grisi ni uji au ugali, basi. Namba kubwa haina maana ya nguvu kubwa. Usiitumie kuchagua grisi ya splaini, ila tu kuepuka ile laini sana inayotiririka.

Fundi wa Kisauni

Hamjambo nyote. Mimi nimefungua hizi pikipiki za shafti kwa miaka kadhaa hapa Mombasa, nyingi zikiwa BMW za wasafiri wanaoteremka kutoka kaskazini, na ningependa kuongeza kitu ambacho mazungumzo haya yamekiruka. Mnasema "splaini" kana kwamba ni moja. Pikipiki moja inaweza kuwa na tatu au nne, na kila moja ina tabia yake.

Chukueni BMW R1150GS, iliyotengenezwa kati ya 1999 na 2004. Klachi yake ni kavu, ya sahani moja, kama ya gari. Shafti inayoingia giaboksi ina meno, na sahani ya klachi imepanda juu ya meno hayo. Ili uyafikie, lazima pikipiki uikate katikati: gurudumu, difu, mkono wa nyuma, fremu ya nyuma, kisha giaboksi yenyewe. Ni kazi ya siku nzima kwa aliyezoea, na kwa asiyezoea ni juma. Kwa hiyo hapo unachagua kilainishi kitakachokaa maelfu ya kilomita bila kuangaliwa, na wakati huohuo kisiruke kwenye sahani, kwa sababu tone moja la mafuta kwenye sahani ya klachi kavu litakurudisha kuikata pikipiki tena. Hapo mimi natumia pesti nzito ya moli, naipaka kwa kibrashi kigumu nilichokikata nywele zikabaki fupi, kiasi kwamba jino bado linaonekana chini ya weusi. Kisha naiingiza sahani kwenye shafti, naisukuma mbele na nyuma mara kadhaa, naitoa, na pesti yote iliyosukumwa ukingoni naifuta kwa kitambaa. Baada ya hapo ndipo ninapofunga. Nimeona kazi ya mtu aliyejaza mabonde yote kama anayepaka siagi kwenye mkate. Ilikuwa ni mapenzi tu, lakini klachi ilianza kuteleza kabla hajafika Mariakani.

Splaini ya propela, ile ya katikati ya shafti inayorefuka na kufupika mkono wa nyuma unapopanda na kushuka, hiyo ina mwendo halisi, wa kuteleza. Hapo kiasi kinaweza kuwa kikubwa kidogo, na hapo pia nawaomba jambo ambalo si la grisi ila litaharibu kazi yote ya grisi: wekeni alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuvitenganisha. Uma za krosi mbili, yaani vile viungo vya shafti vinavyopinda, lazima zirudi zikitazamana kama zilivyokuwa. Zikikosana kwa jino moja au mawili, shafti itakwenda kwa kuharakisha na kusitasita katika kila mzunguko, na hakuna moli duniani itakayoyaokoa meno hayo.

Na wenye R1200GS za kuanzia 2013 wasiwe na hofu ya ile ya klachi, kwani klachi yao ni ya kuloa mafuta. Ndugu Mwendapole, yako vilevile ni ya kuloa. Shughuli yako iko nyuma tu.

Dereva Toyo

Wakuu, ninawasoma kwa makini, na naomba niulize swali la sisi wa hali ya chini. Nina Toyo ya mizigo, ya magurudumu matatu, nayo ina propela yenye krosi na splaini ya kuteleza kwenda kwenye difu. Je, na mimi nitafute hiyo pesti ya moli?

Fundi wa Kisauni

Hapana, kaka, usitumie fedha zako huko. Tazama kwenye propela yako. Ukikuta nipeli ya grisi, kile kichuchu cha kusukumia grisi ndani, kwenye ile splaini, jibu lako ni hilo. Sehemu yenye nipeli imekusudiwa kupewa grisi mpya mara kwa mara, na grisi mpya inaisukuma ile chafu nje pamoja na unga wote. Grisi ya kawaida ya lithiamu EP namba 2 inafaa sana, ilimradi usukume bomba la grisi hadi uione mpya ikichungulia ukingoni. Na kwenye krosi ndiyo kabisa usitie pesti ya moli, kwa sababu ndani ya krosi mna beringi za sindano, na zile sindano zinatakiwa zizunguke. Zikijazwa kitu kizito chenye ungaunga mwingi, zinaburuzika badala ya kuzunguka.

Wenye shafti zilizofungwa bila nipeli ndio wanaotafuta kitu cha kudumu. Wewe una nipeli, una bahati.

Bin Matrah

Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Maskati, ambako nina Honda Gold Wing GL1500, nami namuunga mkono Msuguano nusu tu.

Hiyo pesti ya asilimia 60 nimeitumia kwa uaminifu, kila nilipobadilisha tairi la nyuma, kama kitabu kinavyosema. Meno hayakuliwa, hilo nalikiri. Lakini mwaka mmoja niliiacha pikipiki imesimama kiangazi chote karibu na bahari, na nilipofungua, mwishoni mwa meno, pale ambapo hayagusani, palikuwa na kutu ya kweli, ya magamba, juu ya weusi wa moli. Pesti ilikuwa imekauka kama wanja wa zamani. Sisi wa pwani, iwe ni hapa, Unguja au Tanga, tuna adui wa pili ambaye hamkumtaja, nao ni unyevu wa chumvi.

Msuguano

Wa alaykum salaam, sheikh. Umenipata, na nakubali. Moli inapunguza msuguano lakini haizuii kutu yenyewe, na katika hewa yenye unyevu mwingi hata utelezi wake hupungua. Pesti nyingi zina mafuta machache, hivyo yakishakwenda kinachobaki ni unga. Ndiyo sababu mafundi kadhaa huchanganya: pesti ya moli kwa sehemu kubwa, na grisi inayokataa maji kwa sehemu ndogo, mchanganyiko ukakaa kama dawa ya meno. Kati ya grisi zinazostahimili maji, ile ya kalsiamu salfoneti ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine, kwa kuwa yenyewe kwa asili yake inazuia kutu na inabeba mzigo mkubwa.

Tahadhari moja tu. Vitu vinavyoyashikilia mafuta ndani ya grisi, viwe sabuni au vingine, havipatani vyote. Ukichanganya grisi ya lithiamu na ya udongo wa bentonaiti, au na baadhi ya zile za poliyurea zinazotumika kwenye mota za umeme, unaweza kuamka ukute mchanganyiko umekuwa uji na umetiririka. Kabla ya kupaka mchanganyiko wowote, weka kidogo kwenye kifuniko cha chupa, kiache juani siku mbili tatu, kisha uinamishe. Ikiwa umejitenga, mafuta huku na tope kule, usiutumie.

Mwendapole wa Tegeta

Na grisi ya shaba? Rafiki yangu ananiuliza kila siku kama mmekwisha kumpa haki yake. Ananionesha kwamba kopo lake limeandikwa linahimili joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Na kwenye kopo la Gerezani wameandika mzigo wa kushikamana kwa kipimo cha ASTM D2596 (ASTM ni shirika la viwango la Marekani), wakiwa na namba kubwa ya kujivunia.

Msuguano

Mpe salamu rafiki yako. Grisi ya shaba imetengenezwa kwa ajili ya nati na bolti zinazokaa kimya, ili siku moja zifunguke. Kazi yake ni kuzuia kushikana. Kuteleza mara milioni si kazi yake. Joto la nyuzi 1,000 ni sifa ya ule unga wa shaba baada ya mafuta kuungua yote, na splaini yako ikifika joto hilo, tairi litakuwa limekwisha kuwa moshi.

Kuhusu D2596, hicho ni kipimo cha gololi nne: moja inazungushwa juu ya tatu zilizofungwa, mzigo unaongezwa hadi zishikane kama zilizochomelewa. Ni kipimo kizuri cha mzigo mkubwa wa ghafla, lakini si cha mtikisiko mdogo wa muda mrefu. Kwa mtikisiko kuna kipimo kingine, ASTM D4170, ambamo beringi inatikiswa kwa pembe ndogo kwa saa nyingi, kisha chuma kilichopotea kinapimwa kwa mizani. Ni nadra kopo kukionesha. Ukikiona, lisome kwa makini hilo kopo. Na likiwa na D2596 peke yake, limekuambia ukweli usiouhitaji.

Kisukuku

Msuguano, nimekusoma hadi mwisho, nikaenda gereji kufungua yangu ili nije kukuumbua. Sikukuta mdalasini. Meno yamelainika na grisi nyekundu bado imo. Sasa unasemaje?

Msuguano

Nasema unafungua kila baada ya muda gani, Mzee?

Kisukuku

Kila miezi mitatu.

Msuguano

Basi wewe ndiye nipeli.

Kisukuku

Haya, nimekubali nusu, kama huyo bwana wa Maskati.

Mwendapole wa Tegeta

Narudi na matokeo, kwa kuwa ni utovu wa adabu kuuliza na kupotea.

Nilipata pesti ya moli ya asilimia 65 kwa mtu anayeleta vifaa vya mitambo ya viwandani. Dukani kwa vipuri vya pikipiki hawakuwa nayo, na niliposema "asilimia" walinitazama kama afisa wa kodi. Niliyaosha meno yote kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, bonde baada ya bonde, hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Hapo ndipo nilipoona hali yenyewe: meno ya kitovu bado yana vichwa bapa, hayajawa na ncha wala kuinama upande kama msumeno, ila kile kijingazi kipo na hakitaondoka. Fundi wa Kisauni alinishauri kwa ujumbe nipime mchezo wake kabla ya kufunga: nitie gia ya kwanza, nilishike gurudumu, nilitikise mbele na nyuma, na niweke alama ya chaki kwenye tairi na kwenye mkono wa nyuma. Kwangu alama zilipishana kwa upana wa kidole gumba, na sehemu yake kubwa ni ya gia na zile raba, si ya splaini. Nimepiga picha ili niwe na cha kulinganisha.

Nilichanganya sehemu tatu za pesti kwa sehemu moja ya grisi ya kalsiamu salfoneti, nikaijaribu kwenye kifuniko cha chupa ya maji, haikujitenga. Nikapaka nyembamba, nikabadilisha oringi ya kitovu (mpira wa duara wa kuziba) iliyokuwa imekauka na kupasuka, na nadhani huo mpasuko ndio uliokuwa mlango wa maji na wa kutorokea grisi.

Jana, baada ya masika yote na kilomita 3,100, nilifungua tena kwa udadisi tu. Mabonde yana weusi unaong'aa kama chungu kilichozoea jiko. Nilipitisha kidole, kikatoka cheusi. Nikatafuta unga mwekundu kwa tochi, sikuupata. Bado sijaigusa splaini ya mbele, ile inayoshikana na giaboksi, kwa kuwa inataka difu itolewe pamoja na shafti yake. Je, ningoje tairi lijalo?

Fundi wa Kisauni

Usingoje, ndugu yangu. Kama ya nyuma ilikuwa kavu, ya mbele haikupakwa na malaika. Kwenye pikipiki yako difu imeshikwa na nati nne. Zikitoka, difu na shafti vinachomoka pamoja kwa nyuma. Nenda na kibrashi kilekile, upake nyembamba kwa kuwa huko mbele kuna sili karibu, na unapoirudisha uzungushe gurudumu polepole kwa mkono hadi meno yapatane yenyewe. Usiigonge kwa nyundo.

Mwendapole wa Tegeta

Jumamosi asubuhi, inshallah. Nitaleta picha.